Tega Sikio, Lakini Beba Penseli

Msimu wangu wa kwanza wa kuandika mazungumzo ninayoyasikia mtaani katika mji wa theluji, maneno matamu kuliko yote yalinipotea kwa sababu ya kalamu. Wazee wawili nyuma yangu kituoni walikuwa wakizungumzia viatu vya marehemu. Nikachomoa daftari haraka, kalamu ikagoma: wino huwa mzito kwenye baridi kali. Nikakimbilia simu, nayo ikazima ghafla ilhali ilikuwa na chaji, maana baridi huidhoofisha betri. Nilipoingia ndani na kupata joto ikawaka bila kinyongo, lakini maneno yalikuwa yameshakwenda. Tangu siku hiyo ni penseli tu. Haina wino wa kuganda.

Usihangaike kuzunguka mitaani. Baridi ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri hakuna anayesimama barabarani kupiga soga. Watu wanakazana kufika. Nenda wanakosubiri: kituo cha basi, kwenye lifti, chumba cha mashine za kufulia. Tena huhitaji kujisogeza karibu, kwa kuwa waliofunika masikio kwa kofia nzito huongea kwa sauti kubwa bila kujua. (Siri za ndoa nimezisikia kwa njia hiyo, na sikuzitafuta.)

Asubuhi ya theluji mpya usilale. Theluji laini imejaa vinafasi vya hewa vinavyomeza sauti, kwa hiyo ngurumo za magari hupungua na anayeongea jirani yako unamsikia neno kwa neno. Ikishashindiliwa na kuwa barafu, kelele hurudi. Hapo tazama chini, maana barafu nyembamba juu ya lami haionekani na mwandishi aliyevunjika mkono haandiki.

Jambo lililonichukua muda kujifunza ni kuandika maneno yenyewe, si maana yake. Siku moja mtoto alipanda basi na mama yake, viatu amevaa kushoto kulia. Akapuliza pumzi mara mbili, akakunja uso: "Mama, moshi wangu umeisha." Mama, huku akimfungua skafu, akajibu: "Upo, tukishuka utaupata." Mimi nikaandika: "Mtoto ashangaa pumzi kutoonekana ndani ya basi." Nilipoisoma jioni niliona aibu. Nilikuwa nimekamata ndege nikabaki na unyoya. Bahati nzuri, safari hiyo kichwa kilikuwa bado kinakumbuka.

Majina nayaacha, namba ya basi naiacha, na habari za ugonjwa wa mtu sizigusi hata zikiwa na mvuto namna gani.

Utakamatwa, hilo lijue. Mimi nilikamatwa na bibi mmoja aliyekuwa akimsimulia mwenzake kwamba mumewe huchota theluji ya mlangoni kwao akaimwaga kwa jirani, na jirani naye huirudisha kwa sepetu, kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi. Akaiona penseli. "Mwanangu, na mimi nimo humo?" Nikampa daftari. Alisoma polepole, miwani ikiwa bado na ukungu, kisha akaomba penseli. Mahali nilipoandika "wanagombana" akapiga mstari, na kwa mkono wenye glavu akaandika juu yake kwa herufi kubwa: "wanasalimiana".