Tarehe ya Mwisho ya Akaunti Iandikwe Siku Inapofunguliwa

Ninasimamia seva za ofisi za uwakala wa forodha hapa Mombasa, na katika ofisi hizo watu huingia na kutoka kila mara: wanafunzi wa mafunzo ya kazini, wahasibu wa kufunga mahesabu ya mwaka, mafundi wa mikataba mifupi. Akaunti hudaiwa kwa haraka mtu anapowasili, lakini anapoondoka ni nadra msimamizi wa mifumo kuarifiwa. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba tarehe ya mwisho iandikwe ndani ya faili ileile ya Ansible au Puppet (zana za kusimamia seva nyingi kwa maagizo yaliyoandikwa kwenye faili) inayoiunda akaunti.

Wengi huridhika na kufunga nenosiri. Hilo halitoshi, kwa kuwa amri ya Linux ya usermod -L huzuia nenosiri tu, na mwenye ufunguo wa SSH (faili ya siri ya kuingia kwenye seva kutoka mbali bila nenosiri) mara nyingi huendelea kuingia kama kawaida. Tarehe ya mwisho, ambayo hukaa katika sehemu ya nane ya mstari wa mtumiaji kwenye /etc/shadow, faili ya Linux inayohifadhi nenosiri na muda wa akaunti, humzuia hata mwenye ufunguo, ingawa haimtoi yule ambaye tayari yumo ndani.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni kwenye saa. Linux huhesabu siku tangu 1 Januari 1970 kwa UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, hivyo 1 Julai 2026 ni siku ya 20635, na akaunti yenye tarehe hiyo hufungwa siku hiyo inapoanza kwa UTC, yaani saa tisa usiku kwetu. Anayemaliza kazi 30 Juni basi aandikiwe 1 Julai. Akiandikiwa 30 Juni, atafika kazini siku yake ya mwisho na kukuta mlango umefungwa. Puppet hupokea tarehe yenyewe, 2026-07-01, na hapo hapana utata. Ansible hutaka sekunde tangu 1 Januari 1970, kisha huzigeuza kuwa tarehe kwa UTC. Ukihesabu sekunde hadi saa sita usiku ya Mombasa inapoanza 1 Julai, kwa UTC bado ni saa tatu usiku ya 30 Juni, na mtu wa watu anapokonywa siku nzima ya kazi. Thamani sahihi ni 1782864000, nami huandika tarehe ya kawaida kando yake ili atakayesoma baadaye asilazimike kukokotoa.

Muda ukiongezwa, badilisha faili, usitumie chage, amri ya kubadilisha au kuonyesha muda wa akaunti, kwenye seva, kwani zana itakapoendeshwa tena itairudisha tarehe ya zamani. Tahadhari pia kwamba kuufuta mstari wa tarehe ya mwisho kwenye faili (expires kwa Ansible, expiry kwa Puppet) hakuiondoi tarehe iliyokwisha kuwekwa: Ansible huiacha ilivyo mpaka uandike -1, na Puppet huhitaji neno absent. Vivyo hivyo, kwa kawaida kulifuta jina la mtumiaji kwenye faili hiyo hakuifuti akaunti. Kabla ya kusambaza mabadiliko kwenye seva zote, endesha chage -l kwenye moja na uisome tarehe kwa macho yako.