Kutaja vyanzo katika makala za sayansi ya jamii: anza na kile ulichokisoma mwenyewe

Muuliza swali ameeleza kwamba msimamizi wake amemrudishia rasimu ya tasnifu ya sosholojia, akiwa ameandika pembeni kwamba vyanzo havijatajwa ipasavyo, na sasa anataka kujua atumie mtindo upi. Nimesimamia na kuhariri kazi za aina hii kwa miaka mingi, na kwa uzoefu wangu mtindo si kiini cha tatizo. Saikolojia, elimu na taaluma nyingine nyingi za jamii hutumia APA, yaani mtindo wa Shirika la Saikolojia la Marekani, ambao toleo lake la 7 lilitoka mwaka 2019. Wanasosholojia wana mwongozo wa ASA, yaani Chama cha Sosholojia cha Marekani, na wapo wanaofuata mtindo wa Chicago kwa utaratibu wa kutaja mwandishi na mwaka. Uliza idara yako inataka upi, kisha uushike huohuo tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachowachosha wasimamizi ni kushindwa kujua maneno ya chanzo yanaishia wapi na ya mwanafunzi yanaanzia wapi.

Chukua aya ndefu yenye mabano mamoja tu ya rejea katika sentensi ya mwisho. Je, aya nzima imetoka kwa mwandishi huyo, au ni sentensi hiyo moja? Dawa yake ni kumtaja mwandishi mapema, ndani ya sentensi yenyewe, kwa kuandika, kwa mfano, kwamba mwanasosholojia Mfaransa Durkheim anadai jambo fulani, kisha kuonyesha waziwazi pale unapoanza kumpinga au kuiendeleza hoja yake. Vilevile, kubadilisha maneno mawili matatu huku umeacha muundo wa sentensi ya mwenzako kama ulivyo ni wizi wa maandishi hata kama umeweka rejea, kwa sababu msomaji anaamini kwamba maelezo hayo umeyaunda wewe. Ninawashauri wanafunzi wasome, wafunge kitabu, waandike walichokielewa, ndipo wakifungue tena kulinganisha.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili la vyanzo vya mkono wa pili. Mwanafunzi hukuta maneno ya Durkheim kuhusu kujiua ndani ya kitabu cha kiada, akayanakili, kisha akaandika Durkheim, 1897, kana kwamba aliisoma kazi hiyo katika Kifaransa chake cha asili. Ikiwa ulichosoma ni tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1951, APA inakutaka uandike (Durkheim, 1897/1951), na katika orodha ya marejeo uwataje pia wafasiri. Ikiwa hukuisoma hata tafsiri hiyo, mtaje Durkheim katika sentensi, useme kwamba amenukuliwa na mwandishi wa kitabu cha kiada, na kitabu hicho pekee ndicho kiingie katika orodha. Wengi wanaona haya kufanya hivyo, ilhali ndiyo njia ya uaminifu, na pia inakukinga, maana nukuu iliyopotoshwa na mtu mmoja huweza kurithiwa na makala baada ya makala bila yeyote kurudi kwenye asili. Bora zaidi ni kuitafuta asili yenyewe uisome.

Maneno yaliyonukuliwa neno kwa neno lazima yaambatane na namba ya ukurasa. Chini ya maneno 40 hufungwa kwa alama za nukuu. Yakifika 40 au kuzidi, APA huyatenga katika aya yake iliyoingizwa ndani, bila alama hizo. Unapoeleza kwa maneno yako mwenyewe namba ya ukurasa si lazima, lakini mimi huidai kwa kitabu kinene, kwa kuwa kumtuma msomaji apekue kurasa 500 si kumwelekeza. Katika APA, waandishi wakiwa watatu au zaidi, taja wa kwanza na wenzake tangu mara ya kwanza.

Mahojiano huwatatiza wengi. Maneno ya washiriki wa utafiti wako ni data, kwa hiyo hayaingii katika orodha ya marejeo wala hayatajwi kama mawasiliano binafsi. Unamtambulisha msemaji kwa jina la bandia au kwa maelezo yasiyomfichua. Mawasiliano binafsi ni kitu kingine, kwa mfano barua pepe uliyoandikiwa na mtaalamu: hutajwa ndani ya matini pamoja na tarehe, na huishia hapo. Kwa takwimu, tofautisha mwaka zilipokusanywa na mwaka ripoti ilipochapishwa. Wa kwanza useme katika sentensi, wa pili ndio uingie katika mabano.

Programu kama Zotero hupanga marejeo vizuri, ila huchukua taarifa kama ilivyozikuta, pamoja na majina yaliyogeuzwa na miaka iliyokosewa. Programu za akili unde nazo huweza kubuni makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zikiwa na majina na majarida yanayoaminika kabisa, kwa hiyo fungua DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, ya kila rejea uhakikishe inakufikisha kwenye makala uliyoitaja. Kabla ya kuirudisha rasimu kwa msimamizi, pitia matini ukiwa na orodha kando: kila jina lililo katika mabano liwemo katika orodha, ukiacha mawasiliano binafsi, na kila lililo katika orodha liwe limetajwa ndani ya kazi.