Benchi la Fundi: Kwanza kishikilio, kisha saa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu dayo geji, ile saa ya kupimia inayofungwa kwenye mashine ya kukerezea ili mshale uonyeshe kazi imenyooka au imeyumba. Nimefurahi kuona vijana wanauliza mambo haya. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu tatizo lake lipo katika karakana nyingi, na wengi wanaanza kulitibu kwa kulegeza bolti isiyohusika.

*Shikamoo mzee. Nina karakana ndogo Gerezani, Dar es Salaam. Nimenunua mashine ya kukerezea ya mtumba, ya kitanda cha mita moja. Nikikereza shafti ya milimita 300, imeshikwa na chaki (kile kichwa chenye taya kinachoizungusha) huku na senta ya telistoki (ile ncha inayoiegemeza mwisho wa pili) kule, upande wa chaki napata kipenyo cha 40.00 na upande wa senta 40.12. Beringi inaingia upande mmoja, upande wa pili inagoma. Aliyeniuzia anasema nibadili kisu. Nimebadili, hali ni ileile. Nifanyeje?*
Fundi wa Gerezani

Marahaba mwanangu. Kisu kiache, hakina kosa. Kisu hutembea kutoka kwenye senta kuelekea kwenye chaki. Kikiisha makali njiani, shafti huwa nene upande wa chaki, mwisho wa safari. Yako ni nene upande wa pili, kule kisu kinakoanza kikiwa kizima. Kwa hiyo tatizo liko kwenye mashine, na si dogo: kwa beringi ya 6308, yenye tundu la milimita 40, shafti ya kazi za kawaida hutakiwa iwe kati ya 40.002 na 40.018.

Watuhumiwa ni wawili. Ama telistoki imesogea kando, ama kitanda cha mashine kimejipinda. Najua mkono unakuwasha kuisogeza telistoki. Subiri. Kama kitanda kimejipinda nawe ukanyoosha telistoki, utakuwa umefunika kosa moja kwa kosa jingine. Shafti ya milimita 300 itatoka sawa, na kesho ukikereza ya milimita 150 itatoka na tepa tena, nene huku na nyembamba kule.

Anza na kitanda. Pima maji ya mwashi haitakusaidia hapa. Inayotakiwa ni ile ya mashine, ambayo mstari wake mmoja ni milimita 0.02 kwa kila mita. Iweke ikatize kitanda karibu na chaki, usome kiputo. Kisha ihamishe, bila kuigeuza, hadi mwisho wa kitanda upande wa telistoki, usome tena. Tunachotafuta ni kiputo kukaa pale pale sehemu zote mbili, hata kama hakiko katikati. Meli zina mashine za kukerezea ndani ya vyumba vya injini, zinainama kutwa na kazi inatoka nzuri, kwa sababu kitanda kikiinama chote pamoja hakidhuru kitu. Kinachodhuru ni kujipinda.

Pima maji ya namna hiyo ni ghali. Usipoipata kwa kuazima, chuma chenyewe kitakuambia. Chukua kipande cha chuma cha milimita 50, kishike kwa chaki peke yake kitokeze kama milimita 150, wala usiweke senta. Katikati kipunguze ili zibaki pete mbili, moja karibu na chaki, nyingine mwishoni. Kwa kisu kikali na mkato mwembamba, kereza pete zote mbili bila kugusa usukani wa kina. Pima kwa maikromita. Pete ya mwishoni ikiwa nene kuliko ya ndani, kisu kinasogea mbali na kazi kadiri kinavyokwenda upande wa telistoki. Inua kidogo mguu wa mbele, ule wa upande unaosimama wewe, kwenye ncha ya telistoki, kwa kibati chembamba cha shaba. Ikiwa nyembamba, inua wa nyuma. Kaza bolti, kereza tena, pima tena. Kazi hii haina haraka. Mashine ya mtumba iliyoshushwa kwenye lori na kufungwa juu ya sakafu yenye mawimbi karibu kila mara ina kasoro hii.

Pete mbili zikilingana, ndipo uende kwenye telistoki. Kereza tena shafti yako ndefu na usome tofauti. Tuseme bado ni 0.12. Hiyo ni tofauti ya kipenyo, na senta imehama nusu yake, yaani 0.06. Kwa kuwa upande wa senta ndio mnene, telistoki imerudi nyuma, mbali na kisu, hivyo isogeze kuja kwako. Hapa ndipo dayo geji inapolipa gharama yake. Funga kitako cha sumaku juu ya kitanda, ncha ya saa iguse ubavu wa mkono wa telistoki, zungusha uso wa saa hadi sifuri. Legeza, zungusha skrubu za ubavuni, na mshale ukitembea mistari sita ya 0.01 simama. Kaza. Kisha tazama tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huihamisha, na wengi huondoka kabla ya kuona hilo.

Lakini kabla hujaiamini saa, kijaribu kishikilio chake. Saa ikiwa imegusa chuma, sukuma fimbo ya kishikilio taratibu kwa kidole, uiachie. Mshale lazima urudi pale pale. Usiporudi, kuna kiungo kilicholegea, au sumaku imekaa juu ya rangi, kutu au maranda ya chuma. Wakati nakereza shafti za mashine za korona, zile za kuchambua nyuzi za mkonge, kwenye mashamba ya mkonge Tanga, niliona saa nzuri za Uswisi zikifungwa kwenye fimbo nyembamba ndefu zenye viungo vitatu, na mafundi wakibishana juu ya usomaji ambao haukuwa wa shafti bali wa fimbo. Fimbo iwe nene, iwe fupi kadiri kazi inavyoruhusu. Mahali pazuri kuliko yote mara nyingi si sumaku kabisa: ni kipande cha chuma cha mraba kilichotobolewa tundu la saa, kikabanwa kwenye kishikio cha kisu. Hicho unakitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya chuma, na hakitikisiki.

*Shikamoo babu. Ninamaliza chuo cha ufundi Arusha. Nina pesa ya kununua saa moja tu. Ninunue ya kusukuma, ambayo fimbo yake huingia na kutoka, au ile ndogo ya mkono, ambayo kijimkono chake huchezea kando? Na za dijitali je?*
Mwanafunzi wa kike, mwaka wa mwisho

Marahaba binti yangu, na hongera kwa kuichagua fani hii. Nunua ya kusukuma, yenye mwendo wa milimita 10 na mistari ya 0.01. Pesa itakayobaki itie yote kwenye kishikilio. Ukilazimika kuchagua kati ya saa ya bei kubwa na kishikilio dhaifu, au saa ya kawaida na kishikilio kigumu, chukua kishikilio. Nitalisema hili kila nitakapoulizwa.

Ile ya mkono itafuata baadaye, maana inaingia ndani ya matundu ambako ya kusukuma haifiki. Ila ijue tabia yake. Mkono wake unatakiwa ulale karibu sambamba na uso unaopimwa. Ukiuinamisha nyuzi 30, saa ikisoma 0.10 mwendo wa kweli ni 0.087. Ukiuinamisha nyuzi 60, mwendo wa kweli ni 0.05 tu, nusu nzima imepotea. Ukiwa unatafuta katikati, yaani unataka mshale usimame tuli, pembe haikudhuru. Ukiwa unataka kujua *kiasi gani*, inakudhuru sana.

Dijitali ni nzuri kwa kusoma na kuandika namba. Kwa kuweka kazi katikati mimi napenda mshale, kwa kuwa jicho linaona unakokwenda na unapogeukia, ilhali tarakimu zinarukaruka tu.

Usiweke mafuta kwenye fimbo ya saa ya kusukuma. Mafuta hushika vumbi, fimbo ikaanza kukwama. Ifute kwa kitambaa safi. Na usiwashe mota saa ikiwa inagusa kazi. Ndani mna gia ndogo za aina ile ile ya saa ya mkononi. John Logan, aliyeomba hataza ya geji ya namna hii mwaka 1883, alikuwa mtu wa Waltham, Massachusetts, mji uliokuwa na kiwanda kikubwa cha saa, na gia hizo mpaka leo hazivumilii kipigo.

*Habari za kazi, mzee. Sisi tuko Mombasa, tunatengeneza shafti za mapangaboi ya boti. Kuweka shafti katikati kwenye chaki ya taya nne kunatumalizia muda. Kuna njia ya haraka?*
Mafundi wawili, Likoni

Njema, ndugu zangu. Shughulikieni taya mbili zinazotazamana, nyingine msiziguse. Zungusha chaki kwa mkono mpaka taya namba moja iwe mbele ya saa, soma. Zungusha nusu mzunguko hadi namba tatu, soma. Mkipata tofauti ya 0.80, shafti inatakiwa isogee 0.40. Legezeni taya ya upande wa chini, yaani wenye usomaji mdogo, kazeni ile ya upande wa juu, wenye usomaji mkubwa, hadi mshale ufike katikati ya zile namba mbili. Kisha nendeni kwa namba mbili na nne. Mkirudi mara ya pili kutakuwa kumebaki kidogo sana, na hapo msilegeze kitu, kazeni tu ile ya upande wa juu. Tengenezeni spana ya pili ya chaki, kila mkono uwe na yake, mmoja ukilegeza mwingine unakaza kwa wakati mmoja. Hicho ndicho kinachookoa muda kuliko kifaa chochote cha dukani.

Kwa shafti za boti angalieni mahali saa inapogusa. Pale palipoliwa na sili, ile pete ya kuzuia maji, au na kutu ya maji ya chumvi pana umbo lake lenyewe, na mkipafuata mtakereza kosa jipya. Tafuteni sehemu ambayo haijawahi kuguswa na kitu. Mkimaliza karibu na chaki, sogezeni saa milimita 100 nje na msome tena. Huko kukiyumba msirudi kwenye taya, gongeni shafti kwa nyundo ya plastiki hadi itulie.

*Mzee, mimi niko Morogoro. Napima kazi ikiwa mashineni inakuwa sawa, nikiipima baada ya chai imepungua. Maikromita yangu ni mbovu?*
Msomaji

Nzima kabisa. Ni joto. Chuma cha milimita 100 kikipanda nyuzi 10 za sentigredi huongezeka takriban 0.012, na kilichotoka kukerezwa kinaweza kupanda zaidi ya hapo. Aluminiamu huongezeka karibu maradufu. Vipimo vya viwandani huhesabiwa kwa nyuzi 20, joto ambalo karakana zetu hazilioni, lakini hilo lisikutishe. Beringi ya chuma na shafti ya chuma zikiwa na joto moja, hata liwe 32, hutanuka pamoja na zitaingiana. Acha mkato wa mwisho wa 0.2 hivi, iache kazi ipoe hadi ukiishika huhisi tofauti na kitanda cha mashine, ndipo upime na umalizie. Maikromita nayo ikae kivulini kwenye benchi, isikae kwenye mfuko wa shati.