Umeng'oa? Kwa vijana mnaoanza kazi ya malisho

Wiki iliyopita nilisimama juu ya kichuguu nikiwatazama vijana wawili wa field wakirusha fremu, ule mraba wa kupimia majani. Walirusha mara ishirini, na mara zote ishirini ikaangukia penye majani. Nikawauliza mbona haiangukii kule kwenye vumbi. Mmoja akanijibu bila hata kuinua macho: "Mkuu, kule hakuna cha kupima."

Nilicheka sana. Halafu nikakumbuka nilivyokuwa mimi mwaka 2009, kicheko kikakatika. Basi nawaandikia kabla hamjaanza kuitisha mikutano ya vijiji.

1. Sifuri ni kipimo. Fremu ikiangukia kwenye vumbi, andika sifuri, usiiokote. Mnajua kwamba kwa fremu ya nusu mita kwa nusu mita, gramu mlizokata huzidishwa kwa 40 mpate kilo kwa hekta. Basi na gramu ya uongo nayo inazidishwa kwa 40. Kausheni majani kabla ya kupima. Mkipata jumla, kateni nusu, maana nusu hiyo ni ya nyasi zenyewe, si ya kondoo. Halafu toeni eneo lote ambalo kondoo hawezi kwenda na kurudi majini. Kinachobaki kwa kawaida kinatia aibu. Kiandikeni hivyo hivyo.

2. Kondoo si ng'ombe mdogo. Kwenye karatasi ya uniti za mifugo ng'ombe ni 0.7 na kondoo ni 0.1, kwa hiyo mnabadilisha saba kwa mmoja na kufunga daftari. Ng'ombe huvuta nyasi kwa ulimi, zikiwa fupi anashindwa na kuondoka. Kondoo ana mdomo mwembamba, anakata mpaka usawa wa udongo, na kesho anarudi pale pale kwa kuwa pamechipua. Tena nani anawachunga? Mtoto wa miaka minane. Hawezi kwenda mbali, na fisi wapo. Ndiyo maana kila boma lina kipara kulizunguka. Niliwahi kumwambia mama mmoja, "Yeyo (yaani mama), hapa pamekwisha, kondoo wapelekwe mbali kidogo." Akanitazama, akamtazama mtoto wake, akaniuliza: "Utawapeleka wewe?" Nikafungua daftari nikajifanya naandika.

3. Usimtazame kondoo, mshike. Vidole mgongoni, nyuma ya ubavu wa mwisho. Wa mnadani aende akiwa alama 3 ya unene, kati ya 1 na 5. Akishafika 2, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Na bei ihesabuni kwa madebe ya mahindi, kwa sababu familia haili shilingi.

4. Mvua ya kwanza. Hapa naomba mnivumilie, hii sijawahi kuiandika.

Vuli ya 2008 haikuja. Masika ya 2009 yakachungulia tu, yakaondoka. Mnaotoka Longido mmesimuliwa na wazazi wenu: mizoga kando ya njia, na watu wanakamata mkia wa ng'ombe kumsaidia kusimama. Mimi nilikuwa sijamaliza mwaka wa pili kazini. Nilikuwa na pikipiki mpya na kipima mvua nilichokipenda kuliko mshahara. Mzee mmoja, ambaye kwake nilikuwa nalala na kula nikiwa kijijini, alikuwa amebakiwa na kondoo kama 160, wote wako ronjo, kambi ya muda ya malisho, kwenye miteremko ya mlima Ketumbeine. Ng'ombe walikuwa wamekwisha.

Usiku mmoja mvua ikashuka. Asubuhi kipima mvua kikasoma milimita 38. Wiki haikuisha, uwanda ukawa kijani mpaka macho yanauma. Nikapanda pikipiki hadi ronjo nikiwa na namba zangu na picha kwenye simu. Nikamwambia, "Mzee, nyumbani kumekuwa kuzuri. Huku kondoo wanakula mawe."

Akaniuliza maswali matatu. Imenyesha mara ngapi? Nikasema mara moja, lakini kubwa. Nyasi zimefika wapi? Akaninyooshea kidole chake ili nionyeshe kwenye pingili. Nikaonyesha pingili ya kwanza, nikaongeza kidogo. La tatu: "Umeng'oa?"

Sikulielewa. Alikuwa anauliza kama nimeshika nyasi nikavuta, nikaona kama zinakatika juu au zinatoka na mzizi. Nilikuwa nimeziona nikiwa juu ya pikipiki. Nikamjibu kwa milimita.

Wazee wenzake walisema wasubiri. Lakini alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa mgeni wake, nimekuja na karatasi ya serikali. Alfajiri wakaanza kushuka.

Usiku wa kwanza njiani ikaja mvua ya baridi na upepo. Kondoo aliyekonda hana mafuta chini ya ngozi. Akilowa, joto lote linatoka, na tumboni hana kitu cha kulirudisha. Walijikusanya wakapandiana, wa chini wakakosa hewa, wa pembeni wakaganda. Mimi nilikuwa nimewafuata kuwabebea wanakondoo; nilikuwa nao sita ndani ya koti, wanatetemeka kifuani kwangu. Kulipopambazuka tulihesabu 41 waliokufa. Mzee hakusema neno. Alinyoosha mkono, nikadhani ananipa pole au ananifukuza. Alikuwa anaomba kisu, ili angalau ngozi zisipotee.

Waliofika nyumbani wakaanza kukimbiza kijani. Kila chipukizi ni maji matupu, kwa hiyo kondoo hutembea kutwa nzima bila kushiba, na jioni anaharisha. Wakafa wengine. Na nyasi nazo nikaziua, hilo ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulikiri. Nyasi za kudumu zikichipua baada ya ukame hutumia akiba iliyoko kwenye mizizi. Ni kama mtu anayekopa mbegu ili apande. Kondoo akikata chipukizi hilo, nyasi hukopa tena, na mara ya tatu hazina pa kukopa. Majirani waliobaki ronjo wiki tatu zaidi walirudi wakakuta nyasi. Upande wa yule mzee, mvua zilivyoendelea vizuri, yaliota magugu. Nilikwenda na fremu nikapima mwenyewe. Nilirusha mara ishirini, nikaandika sifuri kumi na tatu.

Kwenye mkutano wa kijiji nilikaa nyuma kabisa nikisubiri jina langu litajwe. Mzee akasimama, akasema, "Tulihama mapema." Akakaa. Hiyo "tulihama" bado inanichoma kuliko kama angenitukana.

Mpaka leo vuli ikidondosha mvua ya kwanza ananipigia simu. "Ero! Vipi, tuhame?" Anacheka mpaka salio linakwisha.

Kwa hiyo: isiwe mvua moja, nyasi zipite kiganja, na ukivuta zikatike bila mzizi kutoka. Kondoo wagonjwa na wenye mimba walale chini ya paa usiku wa mvua, hata kama ni ndani ya nyumba ya mama. Mkiambiwa mnachelewesha watu, kubalini kuambiwa.

5. Madume wavalishwe olor, kile kiaproni cha tumboni cha kuwazuia kupanda, mapema. Mimba ni miezi mitano, hesabuni kurudi nyuma kutoka masika.

6. Dorper, kondoo wa kigeni, ni mzuri na nyama yake ni nyingi, lakini ukubwa ule unakula. Kabla ya kumshauri mtu amwache kondoo mwekundu wa Kimasai, ambaye anaihimili minyoo na mkia wake ni ghala la mafuta, muulize mwenye kondoo alibakiwa na kondoo gani mwaka ule mbaya. Halafu nyamaza umsikilize.

7. Alalili, yaani malisho yaliyofungwa kuwa akiba. Yule wa "hakuna cha kupima" alitazama alalili ya ndama, imejaa nyasi kavu za rangi ya simba, akasema, "Mkuu, hizi si zinapotea bure?" Mdogo wangu, hizo ndizo benki. Kuna wazee wanaojua ni nani aliyezifunga na ni nani mwenye kauli ya kuzifungua, na wewe si mmoja wao, wala mimi. Msiulize zinafunguliwa lini. Ulizeni mwaka gani zilifunguliwa mapema na nini kilifuata, mtakaa mpaka chai ya pili.

Halafu fremu yenu moja mliiacha kwangu, iko chini ya kitanda. Mkija Jumatatu njooni na kilo mbili za sukari za yeyo mnayelala kwake, na mtoto wake anayechunga mumletee viatu. Namba ya mguu nimeandika nyuma ya fremu.