Re: Foleni ya asubuhi inanimaliza

Ndugu, umesema ukitoka Mbagala hadi Posta kwa gari ya gia unafika mabega yanauma na hasira zimejaa. Anza na kiti, kwa sababu mwili uliokaza huwahi kukasirika. Kisogeze mpaka ukikanyaga klachi hadi mwisho goti libaki limepinda kidogo. Kisha, mgongo ukiwa umeegemea, nyoosha mkono: kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kiguse juu ya usukani. Kisipofika, inua mgongo wa kiti.

Kosa kubwa ni kushikilia klachi nusu gari likiwa limesimama. Mguu unachoka na klachi inaungua bure. Foleni ikisimama, weka gia huru, vuta hendibreki, toa mguu. Na usifukuzie kila mita mbili zinazofunguka. Acha nafasi mbele, subiri, kisha tembea na gia namba moja bila kushika breki ovyo. Ukisimama, hakikisha unaona matairi ya gari la mbele yakigusa lami.

Najua, nafasi hiyo daladala atachomekea. Mwache apite. Umepoteza urefu wa gari moja tu, na hiyo ni sekunde chache.

Hasira ikipanda, legeza vidole kwenye usukani, vuta pumzi kwa pua sekunde 4, itoe taratibu sekunde 6, mara tano hivi, macho yakiwa barabarani. Kabla ya kuhama njia tazama vioo vyote viwili, maana bodaboda hupita kushoto na kulia.