Mtungi wa kilo 6 unafaa ila saruji na mchanga achana navyo

Mkuu unayeuliza kama mtungi wa gesi wa zamani unaweza kuwa tanuru la kuhunzia, unafaa kabisa, ila kabla hujaweka grainda fungua valvu uitoe kabisa, jaza maji mpaka juu ndo ukate, maana hata mtungi "mtupu" huwa na gesi kidogo ndani na cheche moja inatosha.

Kupaka saruji na mchanga kwa ndani ili kuzuia joto hapana. Ikipata moto ule maji yaliyomo yanakuwa mvuke, inapasuka na vipande vinaruka, afu hata joto haizuii. Tafuta blanketi la seramiki (nyuzi zinazohimili moto) la digrii 1260 za Selsiasi, unene inchi 2, juu yake paka saruji ya matanuru (maalumu ya kuhimili moto, sio ya kujengea) ili zile nyuzi zisipeperuke maana zikiingia kwenye mapafu ni balaa, na wakati wa kulikata vaa barakoa ya maana sio ile ya kitambaa.

Regulata ya jiko la nyumbani isahau, presha yake ndogo mno, nunua ya presha kubwa ya kurekebisha, bar 0 mpaka 2 hivi. Kwa bana (kichomeo cha gesi) tumia bomba jeusi la chuma la inchi ¾, LISIWE la galvanaizi (lililopakwa zinki), moshi wa zinki unaleta homa. Jeti (kitundu kinachopulizia gesi) wengi wanaweka ncha ya mashine ya kuchomelea ya MIG.

Washia nje, kaboni monoksaidi (gesi ya sumu inayotoka kwenye moto) haina harufu. Na ukiona mtungi unaolisha moto umeshika barafu na moto unalegea usidhani gesi imeisha, mtungi ni mdogo tu, chukua wa kilo 15.