Kushuka shimo la Suswa kwa kifaa cha kujitengenezea: niliyojifunza kwa mikono yangu

Ndugu yangu, umeuliza kama fundi wa jua kali anaweza kukukatia nane, kile kifaa cha umbo la 8 kinachobana kamba ili ushuke polepole, kwa bamba la alumini, ili wewe na wenzako mshuke shimo la mita 15 kwenye mapango ya Mlima Suswa, Kenya, maana za dukani zimewashinda bei. Kukata anaweza. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na vifaa vya kushukia nimetengeneza vitatu. Viwili nilivitupa, na ningependa ujue sababu kabla hujatoa hela.

Cha kwanza kilikuwa hiyo hiyo nane. Nilikata bamba kwa grainda, nikatoboa, nikapiga msasa mpaka nikaridhika. Nikajaribu mara mbili tu kwenye mti wa nyumbani, na ganda la kamba likaanza kuota manyoya meupe. Ukingo ambao kidole kinauona laini, kamba iliyobeba mtu wa kilo 75 inauona kisu. Tena nane hata ile ya dukani huisokota kamba, na aina ya kawaida lazima uichomoe kwenye karabina, ile pete ya chuma yenye mlango inayokuunganisha na kifaa, kila unapoipitisha kamba. Ikikuponyoka gizani, huna kifaa.

Cha pili ndicho kilichonitisha. Nilitengeneza reki, ile U ndefu ya chuma yenye vipande vya kukingama ambavyo kamba hupita kwa kupindapinda, mbele ya kimoja, nyuma ya kinachofuata. Ni kifaa cha akili sana. Mmarekani John Cole alikibuni mwaka 1966. Kosa langu lilikuwa kwenye jicho, pale karabina inaposhika: nililichomelea. Mshono ulikuwa mzuri, ningeuonyesha mteja yeyote. Nikaitundika reki kwenye chenibloku, nikaibebesha injini ya lori. Mara ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu nikaona mstari mwembamba kama unywele pembeni ya mshono. Chuma kilichopashwa moto hubadilika pale pale kando ya mshono, na jicho la fundi halioni ndani. Tangu siku hiyo sikubali mshono wowote usimame kati ya mtu na kamba, uwe wangu au wa fundi mwingine.

Cha tatu kilikuwa reki ya fimbo moja ya chuma kisichoshika kutu, milimita 10, iliyokunjwa bila mshono popote, jicho likiwa limezungushwa kwa fimbo ile ile. Hicho nilikitumia miaka minne. Lakini angalia hatari yake. Kila kipande kina tundu upande mmoja na mfereji upande wa pili. Kamba ikipita sawasawa, uzito wako unakikandamiza kipande kwenye mguu wa U. Ikipita kinyume, uzito huo huo unavifungua vipande kimoja baada ya kingine, nawe uko hewani. Na vumbi la Suswa, lile la majivu ya volkano, hula alumini haraka, na vipande vyangu vilikuwa vya alumini. Kila baada ya safari nilikuwa nikipima unene wa vipande.

Halafu reki ilibuniwa kwa mashimo marefu, kama lile la pango la Ellison's huko Georgia, Marekani, la karibu mita 179. Huko juu, uzito wa kamba inayoning'inia chini yako peke yake ni breki, kwa hiyo unaanza na vipande vichache na kuongeza kadiri unavyoshuka. Kwa mita 15 zako kazi hiyo haipo.

Mimi leo kwa shimo kama lenu natumia fundo la Munter, lile la kuizungusha kamba kwenye karabina ili ijibane yenyewe. Unanunua karabina moja kubwa ya umbo la pea, yenye mlango wa kufunga kwa skrubu na nguvu zake zimechapwa ubavuni kwa kilonewtoni (kN, kipimo cha nguvu), na kamba yenyewe inakuwa breki. Mkono wa breki uwe upande wa mgongo wa karabina, mbali na mlango. Ndiyo, husokota kamba nalo, lakini kwa mita 15 msokoto huo unavumilika. Hela ambayo ungempa fundi, weka kwenye karabina hiyo na kwenye kamba nyembamba ya milimita 6 ya kufungia Prusik, yaani kitanzi kinachozungushwa kwenye kamba kuu, ukikisukuma kinateleza, kikibeba uzito kinabana: moja fupi kwenye kamba ya upande wa breki, chini ya karabina, ishikane na kitanzi cha mguu cha hanesi (mikanda unayoivaa kiunoni na mapajani), iwe fupi kiasi cha kutofika kwenye karabina. Ukiachia mkono, inakushika.

Na hujaniuliza mtarudi juu vipi. Hili linanikosesha usingizi kuliko nane yako. Mapango ya Suswa ni mifereji ya lava, na unaingia pale paa lilipoporomoka. Ukuta mara nyingi umeinamia ndani, huna pa kukanyaga. Kila mmoja awe na Prusik mbili za kupandia, ndefu ya mguu na fupi ya kiuno, na awe ameshapanda nazo mita 5 juu ya mti, akageuza, akashuka, bila kuguswa na mtu. Ukingo wa lava ni mkali, uwekeeni gunia nene pale kamba inapolala, na mwisho wa kamba uwe na fundo.

Mkishafanya hayo ya mtini, niandikie ni mti gani na kamba ya unene gani, nije Jumamosi nione mnavyofunga.